Shajara ya karakana: jozi 12 za viatu vya upau kwa watoto waliozaliwa na nyayo za kupinda

Mimi ni fundi viatu. Mwezi Desemba, dada mmoja anayehudumia kliniki ya watoto waliozaliwa na nyayo za kupinda (wengine husema mguu kifundo) aliingia karakanani na viatu viwili vidogo vilivyofungwa kwenye upau wa chuma. Ngozi ilikuwa imechanika, mkanda umekatika. Akaniuliza kama naweza kutengeneza vingine. Nikasema naweza. Ukweli ni kwamba ilinichukua miezi minane kuweza.

Naandika ili fundi mwingine atakayeombwa kazi hii asianzie nilipoanzia mimi. Kiatu cha kawaida kikikosewa, mteja hurudi kulalamika. Hiki kikikosewa, wayo unaanza kurudi ulikotoka, na mwenye wayo hawezi kusema.

Mambo mawili kabla hujaendelea. Viatu hivi havinyooshi wayo. Vinashikilia wayo ambao kliniki imekwisha kuunyoosha, basi usimvishe mtoto ambaye hajatibiwa. Na pembe zote zinatoka kliniki kwa kila mtoto, si kwenye daftari langu. Gharama nimeziandika kwa saa na kwa vifaa vilivyopotea, maana bei za ngozi na chuma hazifanani popote.

Januari 12: Kuona kabla ya kukata

Nilikaa kliniki siku mbili nzima bila kushika chombo chochote. Nakushauri nawe ufanye hivyo, hata kama unadhani unajua viatu.

Wayo wa mtoto aliyezaliwa hivi umekunjika kwa namna nne kwa pamoja: upinde wa unyayo umezidi, sehemu ya mbele imegeukia ndani, kisigino kimelalia ndani, na wayo mzima unatazama chini kwa sababu kano ya nyuma ya kisigino ni fupi na imekaza. Ukiugusa hausogei kama wayo uliotulia vibaya tumboni. Una ukinzani. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani hakuna kinachoweza kuunyoosha ila kisu.

Kumbe hunyooshwa kwa mikono na hogo, yaani plasta ngumu inayofungwa mguuni. Njia yenyewe ni ya daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi yake Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na akaanza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1940. Hogo la kwanza lilinishangaza. Nilitarajia dada avute wayo kwenda nje. Badala yake aliinua upande wa kidole gumba, wayo ukazidi kutazama ndani. Akanieleza kwamba sehemu ya mbele lazima kwanza ilingane na kisigino, upinde ufunguke, ndipo wayo wote utolewe nje kama kitu kimoja, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Kidole gumba cha mkono wake wa pili kilikaa juu ya kichwa cha mfupa wa talasi, ule uvimbe mdogo ulio mbele ya kifundo kwa upande wa nje. Hapo ndipo mhimili. Kisigino hakukigusa hata mara moja, kwa kuwa ukikibana hakiwezi kugeuka.

Hogo linapanda mpaka kinenani, goti likiwa limekunjwa kwa digrii 90. Likiishia chini ya goti linachomoka, na mguu unabaki huru kuzunguka. Linabadilishwa kila wiki, na mara nyingi 5 au 6 yanatosha. Kwa watoto wengi, mwishoni daktari hukata kano ya kisigino kwa ganzi, kwa tundu dogo lisilohitaji uzi, kisha hufunga hogo la mwisho la wiki 3. Humo ndani kano huunga upya ikiwa ndefu zaidi.

Halafu viatu. Saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya kwanza, kisha usiku na kwenye usingizi wa mchana mpaka mtoto afikie miaka 4 hivi. Nilipopigia hesabu nilikaa kimya. Kazi ya hogo ni wiki chache. Kazi ya kiatu ni miaka.

Gharama: siku 2. Hakuna siku nilizozitumia vizuri kuliko hizo.

Januari 26: Soli isiyo na kushoto wala kulia

Nimefuata muundo ulioanzia Uganda kwa Michiel Steenbeek, uliofanywa makusudi utengenezeke kwa ngozi, plaiwudi na chuma katika karakana ya kawaida. Kiatu kiko wazi mbele ili vidole vionekane, kina shingo ya kupita kifundo cha mguu, kina ulimi, kamba na mkanda mmoja wa katikati.

Kosa la kwanza lilitoka kwenye mazoea. Nilikata soli ya kushoto na soli ya kulia, kama nilivyofanya maisha yangu yote, zikiwa na mbonyeo kidogo upande wa ndani. Dada aliishika moja, akaigeuza mara mbili, akasema, "Fundi, hii inarudisha kule tulikotoka." Mbonyeo ule huisukuma sehemu ya mbele ya wayo iingie ndani. Soli ya kazi hii inanyooka kabisa: ukiikunja kwa urefu, nusu moja inalala sawasawa juu ya nyingine. Nikachonga kalibu mpya za mbao zilizonyooka, saizi tano, za urefu wa sentimita 8 hadi 12.

Gharama: soli 6 za kutupa, na jioni tatu za kuchonga kalibu.

Februari 9: Digrii 70 kutoka wapi?

Karatasi ya kliniki iliandikwa: mguu uliokuwa umepinda, digrii 70; mguu mzima (usiopinda), digrii 40. Nikachukua kipimapembe, nikakilaza kwenye upau, nikahesabu 70, nikachora, nikatoboa. Vilionekana vizuri tu, kama viatu vya mtu aliyesimama.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Sifuri si upau. Sifuri ni vidole vikitazama mbele moja kwa moja, mraba na upau. Digrii 70 huhesabiwa kutoka hapo kwenda nje, kwa hiyo kati ya kiatu na upau hubaki digrii 20 tu. Mimi nilikuwa nimetengeneza digrii 20 za kwenda nje badala ya 70. Viatu vikiwa sahihi vinatisha kidogo kwa macho ya mgeni: vidole vinatazama karibu pembeni kabisa. Lakini ndivyo wayo ulivyotoka kwenye hogo la mwisho, na kiatu kazi yake ni kuuweka palepale.

Sasa nina kipande cha bati nilichokikata kwa pembe ya digrii 20, na kingine cha 50 kwa ajili ya mguu mzima. Navilaza kati ya soli na upau. Sipimi tena kwa kipimapembe ila mwisho, kuhakiki.

Kosa la pili la siku hiyohiyo ni la mkunjo. Upau haunyooki. Unakunjwa katikati kiasi cha digrii 5 hadi 10, mgongo wa mkunjo ukiwa mbali na mtoto, ili ncha zake mbili ziinuke kumwelekea. Kwa kuwa vidole vinatazama nje, ncha zikiinuka vidole navyo huinuka, na kano ya kisigino hubaki imenyooshwa. Mimi niliufunga kinyume. Viatu vyangu vilisukuma vidole chini, yaani vilikuwa vinairuhusu kano ijifupishe tena baada ya kukatwa. Dada aliligundua akiwa ameviweka mezani, kabla mtoto hajaletwa. Alivibonyeza kwa kiganja, akaniangalia.

Namna ya kuhakiki isiyohitaji kipimo: weka viatu mezani soli zikiwa chini. Katikati ya upau ndipo pawe karibu na meza, na ncha za vidole ziwe juu. Zikiinama, umegeuza.

Gharama: upau 1, ribiti 8, na usiku mmoja wa kukosa usingizi kwa kuwaza ingekuwaje asingeona.

Februari 23: Jozi ya 1 na ya 2

Jozi ya kwanza ilikwenda kwa mtoto wa miezi 3. Alilia kila alipovishwa. Upau ulikuwa mfupi: nilipima mabega yake sentimita 18, nikakata chuma sentimita 18. Lakini kipimo cha mabega ni cha kutoka katikati ya kisigino kimoja hadi katikati ya kingine. Chuma chenyewe lazima kizidi pande zote mbili. Visigino vyake vilikuwa vimekaribiana kwa karibu sentimita 4 kuliko inavyotakiwa, na dada anasema upau mfupi ni moja ya sababu kubwa za watoto kukataa viatu. Nikakata mwingine. Alilia siku mbili tatu, akazoea.

Jozi ya 2 haikuwa na shida.

Machi 16: Nimechelewa siku 4

Jozi ya 3 ilitakiwa siku hogo la mwisho linatolewa. Nilikuwa nasubiri gundi ikauke kwenye soli nyingine, nikajiambia siku tatu nne si kitu. Mtoto alitolewa hogo asubuhi na viatu havikuwepo. Kliniki haikumwacha aende nyumbani miguu mitupu: ilibidi afungwe hogo jingine la kushikilia, la wiki nzima, kwa sababu yangu. Mama yake hakusema neno. Alikuwa amekuja na soksi mpya mkononi.

Marekebisho: napima wayo siku ya kufunga hogo la mwisho, kabla halijafungwa, si siku ya kulitoa. Hiyo inanipa wiki 3 kamili. Tarehe ya kutoa hogo naiandika kwa chaki kwenye ukuta juu ya meza yangu, na jozi huwa tayari siku 5 kabla.

Aprili 6: Jozi ya 4

Nitaandika kirefu hapa kwa sababu ndipo nilipojifunza kazi hii.

Mtoto wa jozi ya 4 alikuwa amepinda miguu yote miwili. Siku ya tatu baada ya kuvishwa, mama yake alipita karakanani akiwa amembeba.

"Fundi, tangu jana usiku analia tu. Hapa juu kumekuwa kwekundu. Nilegeze kidogo?"

Nikaangalia. Kweli, alama ya mkanda ilikuwa imechora mstari. Nikamwonea huruma. Nikasema, "Legeza, mama. Tundu moja tu, apumue."

Mtoto akatulia, mama akashukuru, nami nikajiona nimefanya wema.

Aprili 20: Hogo tena

Wiki mbili baadaye wamerudi kliniki. Nyuma ya visigino vyote viwili kuna malengelenge, moja limepasuka. Mama aliona kidonda akavivua viatu siku mbili, kama mzazi yeyote angefanya, akapaka mafuta, akavisha tena. Dada alipoukunja wayo wa kulia kuelekea juu haukufika ulipokuwa ukifika. Kano imeanza kukaza. Ameanza kufungwa hogo upya, mawili, wiki kwa wiki.

Nilidhani malengelenge yametokana na kubana. Dada akanionyesha kwamba ni kinyume. Wekundu mdogo siku za mwanzo ni wa kawaida. Malengelenge nyuma ya kisigino, mara nyingi, ni dalili kwamba kiatu kimelegea: kisigino kinapanda na kushuka ndani yake, kinasuguliwa usiku kucha. Nilipomwambia mama alegeze, nilikiachia kisigino njia ya kupanda. Na kisigino kikipanda, wayo hauko tena kwenye digrii 70 wala haujakunjwa kuelekea juu. Mtoto amevaa viatu, saa 23 zinahesabiwa, na wayo ndani unafanya unavyotaka.

Mafuta nayo yaliongeza ubaya, kwa sababu yanalainisha ngozi ikachubuka upesi zaidi. Sehemu nyekundu haipakwi kitu.

Dada hakunilaumu mimi, na hakumlaumu mama. Alisema jambo moja ambalo nimelibandika juu ya meza: mtoto akikataa viatu, kagua kiatu kabla hujamkagua mzazi. Nimesikia mara nyingi kwamba nyayo hurudi kupinda kwa sababu wazazi hawavishi viatu. Ni kweli kwamba kutovisha ndiyo sababu kubwa ya kurudi. Lakini mama huyu alivisha. Aliyekosea ni fundi aliyetengeneza kiatu kisichoshika kisigino, kisha akatoa ushauri usio wake.

Tangu siku hiyo mzazi akiniuliza habari ya kulegeza, namwambia aende kliniki siku hiyohiyo, na kama inawezekana nafunga karakana nakwenda naye.

Gharama: wiki 2 za hogo kwa mtoto ambaye alikuwa amemaliza.

Mei 4: Majaribio ya kisigino

Kisigino cha watoto hawa ni kidogo na kiko juu, na ukikibonyeza mwanzoni ni kama kitupu, nyama haijashuka. Kiatu cha kawaida hushika kisigino kwa sababu kina umbo. Hiki hakina cha kushikwa, hivyo kinachomoka kama sabuni kwenye kiganja.

Jaribio la kwanza: nilikaza kamba zaidi. Kisigino kilishuka, ila kamba zikaacha alama ndefu juu ya wayo, na baada ya saa chache kilikuwa kimepanda tena. Kamba hubana wayo kutoka juu kwa mtawanyo. Hazisukumi nyuma.

Jaribio la pili: niliweka sponji ngumu chini ya kisigino, nikidhani nitajaza nafasi iliyo tupu. Hili ndilo jaribio baya kuliko yote. Sponji ilikiinua kisigino, yaani nilikisaidia kufanya kile tunachokizuia. Usijaribu.

Jaribio la tatu: nilihamisha mkanda. Ulikuwa umeshonwa juu mno, unapita kwenye muundi. Niliushusha milimita 8 upite penye kona ambapo wayo hukutana na mguu, ukivuta kuelekea nyuma na chini kwa pembe. Sasa mkanda ukikazwa unakisukuma kisigino kwenye kona ya kiatu. Chini ya mkanda, ulimi nikaurefusha na kuujaza sufu ili shinikizo lisiwe mstari mmoja.

Jaribio la nne, juu ya hilo la tatu: nilishona kijimto kidogo cha sponji laini ndani ya ukuta wa nyuma, si penye kisigino bali juu yake, kinachoingia kwenye mbonyeo ulio juu ya mfupa wa kisigino. Kisigino kikishashuka chini ya kijimto hicho, hakipati njia ya kupanda. Unene milimita 5. Nilianza na 8, ikawa nyingi, ikasukuma wayo mbele.

Mwisho nikatoboa tundu kwenye ukuta wa nyuma, pana kama ncha ya kidole changu kidogo, milimita chache juu ya soli. Ni dirisha. Kisigino kikikaa, ngozi yake inalijaza tundu lote. Kikipanda, unaona kivuli chini, na soli. Kila mzazi sasa anafundishwa kuangalia dirishani baada ya kufunga mkanda na kabla ya kufunga kamba. Nimeona mama akiwasha tochi ya simu, akainama, akasema "Kimejaa," na akafunga kamba kwa utulivu wa mtu anayejua.

Njia ya pili ya kuhakiki, kwa viatu visivyo na dirisha: kisigino kikiwa kimekaa sawa, chora mstari kwenye soli penye ncha za vidole. Kisha shika mguu chini ya goti, uusukume na kuuvuta taratibu. Vidole vikisogea mbele na nyuma ya mstari, kisigino hakijakaa. Kaza mkanda tundu moja, jaribu tena.

Utaratibu wa kuvisha umebadilika kwa sababu hiyo: soksi isiyo na mikunjo, wayo ndani, mkanda kwanza, dirisha, halafu kamba. Ukianza na kamba unaufungia wayo ukiwa mahali pabaya.

Gharama: jozi 2 nzima zilizofumuliwa, saa 31.

Mei 11: Jozi ya 4 imerudi kazini

Mahogo mawili yamekwisha, wayo umefika ulipokuwa. Nimemvisha nikiwa na dada pembeni. Usiku wa kwanza alilia, wa pili kidogo, wa tatu mama anasema alilala mpaka asubuhi. Jambo lililomsaidia, na sasa tunalieleza kwa wote, ni kucheza naye akiwa ndani ya viatu: shika upau katikati, kunja na kunyoosha magoti yote mawili kwa pamoja, kama unamfundisha kupiga teke. Mtoto analia kwa sababu anajaribu kusogeza mguu mmoja peke yake na hauendi. Akishajua kwamba inakwenda miwili pamoja, hasira inapungua.

Nimefunika upau kwa kitambaa kinene kilichoshonwa. Humlinda mtoto, ndugu zake, na meno ya anayembeba.

Juni 3

Leo ni siku ya kuzaliwa Ponseti, mwaka 1914, na ndiyo Siku ya Dunia ya Nyayo za Kupinda. Kliniki waliwaita wazazi wakae pamoja. Nilikwenda na viatu vibovu vya majaribio, nikavipanga mezani, nikawaeleza kila kimoja kilikosea wapi. Baba mmoja alikishika kile cha sponji chini ya kisigino kwa muda mrefu, akauliza kama cha mwanawe kina sponji hiyo. Hakina. Tulikifungua tukaangalia pamoja.

Julai 13: Mguu mmoja, saizi mbili, na bolti

Karibu nusu ya watoto hawa wamepinda miguu yote miwili. Waliobaki ni mguu mmoja, na wazazi wao huuliza kwa nini mguu mzima nao ufungwe. Upau unahitaji pa kushika pande zote mbili. Kiatu kimoja peke yake hakina kinachokizuia kurudi ndani. Mguu mzima ndio nanga.

Kosa langu kwenye jozi ya 7 lilikuwa kutumia kalibu moja kwa miguu yote miwili. Wayo uliokuwa umepinda hubaki mdogo kidogo kuliko mwenzake, na shavu la mguu huwa jembamba, hata matibabu yakienda vizuri kabisa. Wayo mzima ulibanwa, mwingine ukaogelea. Sasa napima kila wayo kivyake, na jozi nyingi za mguu mmoja zinatoka na saizi mbili.

La pili ni bolti. Jozi za mwanzo soli zilichomelewa kwenye upau. Watoto hukua upesi, vidole vinaanza kukunjia ukingo wa soli, na unatupa chuma kizima. Nikahamia kwenye bolti moja katikati ya soli ili kiatu kibadilishwe peke yake. Jozi ya 8 ilirudi baada ya wiki tatu kliniki walipoona pembe imehama: kutoka 70 hadi kama 55. Mtoto anapiga teke, kiatu kinazunguka juu ya bolti kidogo kidogo, hakuna anayeona. Sasa naweka bolti mbili kwa kila soli, na nati zenye nailoni ndani zisizofunguka kwa mtikisiko. Pia nachora mstari wa rangi unaovuka soli na upau. Mstari ukivunjika, pembe imehama, na mzazi anaona bila kipimo.

Mtoto wa jozi ya 8 hakupata madhara. Safari hii tuliwahi.

Gharama: pau 3 zilizochomelewa zimekuwa chuma chakavu. Bolti, nati na washa 4 kwa kila jozi.

Agosti 31: Jozi ya 12

Imekabidhiwa leo, miguu yote miwili, kisigino kimejaza dirisha pande zote kwa mara ya kwanza kuvishwa. Jozi ya kwanza ilinila saa 19. Hii, saa 6 na nusu. Jumla ya nilivyotupa tangu Januari: soli 9, pau 5, ngozi ya kutosha viatu vitatu vya mtu mzima.

Mtoto wa jozi ya 1 amemaliza muda mrefu miezi yake ya saa 23, sasa anavaa usiku na akilala mchana. Mchana huu amesimama ameshikilia ukingo wa benchi langu, bila viatu, nyayo zote mbili zimelala bapa sakafuni. Mama yake ameniomba saizi inayofuata, kwa sababu vidole vimefika ukingoni.

Mtoto wa jozi ya 4 hajapata malengelenge tena.

Jozi ya 13 nimeikata jana. Mguu wa kushoto, wiki 10, kano imekatwa Jumanne, hogo linatoka baada ya wiki 3. Mabega sentimita 17. Wayo wa kushoto 8, wa kulia 8 na nusu. Tarehe iko ukutani.